Ulimi wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Muuguzi wa wodi ya dripu, yule tunayemwita Sista Mkali, anataka kila mgonjwa aandike joto la mwili na alichokula. Joto: la kawaida. Nimekula: uji, nusu bakuli. Ya Sista yameisha. Nafasi iliyobaki ni yangu.

Mimi ni mwoka mikate. Duka letu liko pembeni mwa barabara: mbele kaunta, nyuma tanuri, juu vyumba viwili tunamoishi mimi na mume wangu. Yeye anawasha tanuri na kuchoma. Mimi nakanda, naonja na kuamuru, ndiyo maana ananiita Bosi. Nina saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani. Uvimbe ulianzia shingoni, upande wa kushoto, nikadhani nimelalia mto vibaya. Nimeshapata dripu mbili, kesho ya tatu. Nywele zimeondoka zote. Nyusi zimebaki, sijui zinasubiri nini.

Nimeamua jambo moja. Sitakuwa mgonjwa wa kuwatia watu simanzi. Nitaamka, nitakanda, nitacheka na wateja kama kawaida. Huu ugonjwa umeshachukua nywele na usingizi, ucheshi wangu hauupati.

Jumanne, 4 Machi

Dripu ya tatu. Nilipata kiti cha dirishani. Mvua tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mdomo wangu una ladha ya chuma. Uji chuma, chai chuma, hata maji ni kama nimenyonya msumari. Sista Mkali alisema itatokea, na kwamba kwa wengine hupita.

Shida ni kwamba ulimi ndio mzani wangu. Marehemu mama hakunifundisha kupima chumvi kwa kijiko, alinifundisha kuonja. Unachukua kipande cha donge bichi, kidogo kama kunde, unakiweka kwenye ncha ya ulimi na kufumba macho. Kikikukumbusha machozi, chumvi imezidi, ongeza unga. Kisipokukumbusha kitu, ongeza chumvi. Nimeoka hivyo maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kurudisha mkate.

Leo alfajiri donge halikunikumbusha kitu. Nikaongeza chumvi. Bado. Nikaongeza tena kidogo, nikasema inatosha.

Mikate ya kwanza ilipotoka nikamkatia mume wangu kipande, nikamuuliza, "Vipi?"

Akatafuna taratibu. "Mtamu, Bosi. Haujawahi kuwa mtamu namna hii."

Kisha akanywa vikombe viwili vya maji kwa mfululizo. Joto la tanuri, nadhani.

Jumapili, 16 Machi

Binti yetu amepiga simu. Yuko mbali kikazi, na kila asubuhi hunitumia ujumbe wenye picha ya maua na maneno ya kunipa moyo. Nina maua ya kutosha kufungua bustani. Nimemwambia naendelea vizuri sana. Akasema, "Sauti yako tu inaonyesha, Mama." Sauti yangu nilikuwa nimeiandaa kabla ya kupokea.

Watu wote wananifurahisha siku hizi. Fundi viatu wa jirani haachi kuninunulia mikate yake miwili kila siku, na kila siku ananiambia nimenawiri. Watu wana upendo jamani.

Isipokuwa mmoja. Wifi yangu hajakanyaga hapa tangu nianze dripu. Dada wa mume wangu, yule ambaye tumetaniana naye tangu niolewe mpaka wageni hudhani tunagombana. Ni dalali wa fanicha kuukuu, na ndiye dalali pekee ninayemjua anayewaambia wateja kwamba kiti kina mguu mbovu. Nilidhani angekuwa wa kwanza kuja kucheka upara wangu. Nimemuuliza mume wangu, akasema dada yake ana kazi nyingi. Mnada haujawahi kuwa na kazi nyingi hivyo. Basi, kumbe mtu unamjua vizuri ukiugua. Nimeumia na sitajifanya sijaumia, angalau humu.

Alhamisi, 20 Machi

Wamenipiga picha ya shingo na kifua. Mvua. Nimekula ndizi, chuma.

Jumanne, 25 Machi

Dripu ya nne. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hunilaza, kwa hiyo nililala kitini mdomo wazi mbele ya watu. Nilipoamka, kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu. Nikamwona kupitia kioo cha mlango, amesimama koridoni na daktari. Daktari anaongea, yeye anatikisa kichwa, kofia yake ameikunja mikononi.

Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Picha zimetoka?"

"Zimetoka. Mambo yanakwenda vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

"Vizuri tu, Bosi. Daktari anasema uendelee na moyo huo huo. Anasema furaha ni nusu ya dawa."

Nikafurahi, basi. Nusu nyingine wanaichomeka mkononi.

Jumatano, 26 Machi

Mume wangu ameanza kuimba.

Lazima nieleze uzito wa habari hii. Huyu ni mtu aliyeniposa kwa maneno yasiyojaza kiganja. Harusini kwetu alifungua kinywa kula tu. Leo alfajiri nimeshuka ngazi nikamkuta anapanga kuni na kuimba kwa sauti ya juu, nyimbo za shuleni, ubeti mmoja mmoja kwa sababu nyingine amezisahau. Sauti yake ni mbaya, hana pa kuificha. Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Kama mtu huyu anaimba, basi picha zilikuwa nzuri kweli.

Jumapili, 30 Machi

Mikate imeisha mapema. Mvua inanyesha kutwa na bado watu wanakuja. Mama mmoja amenunua minne akaniambia, "Tunakuombea." Fundi viatu ameomba maji ya kunywa. Nimeona watu wengi wanakunywa maji msimu huu, na hakuna jua.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbaya. Sista, joto lilipanda kisha likashuka, sikula kitu, haya sasa niache.

Miguu ilianza kutetemeka nikiwa nakanda. Si kwa maumivu, ni kwa uchovu ambao sijui niupe jina gani, kwamba mikono ipo, unga upo, na katikati yao hakuna mtu. Nikamwambia mume wangu naenda stoo kuchukua hamira. Nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia, nikalia. Nililia kwa kuuma kanga ili asisikie. Nilimlilia mama, niliyemzika zamani, na nililia kwa sababu ya nyusi zangu, ambazo leo asubuhi zimebaki kwenye taulo. Nilifikiria duka hili bila mimi, yeye peke yake anawasha tanuri, na hakuna wa kumwamuru.

Kisha nikajipangusa kwa mkono wenye unga, nikatoka na uso mweupe nikasema, "Stoo kuna mzuka, umenipaka." Akacheka. Mimi nikacheka. Akaimba ubeti.

Ninaandika hili kwa sababu sina pa kulisema. Kucheka kumekuwa kazi, tena nzito kuliko kukanda. Nikimwangalia anavyofurahi sitaki kumharibia. Lakini nimechoka.

Jumanne, 15 Aprili

Dripu ya tano. Mvua haijakatika tangu juzi.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi, acha nianzie mlangoni.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Fundi viatu alikuwa kaunta. Mume wangu yuko nyuma, anaimba. Nikasikia sauti nje kabla sijamwona mtu.

"Wifi, uko hai au nimtafutie kaka yangu mke mwingine?"

Moyo ulinipasuka kwa furaha, lakini nilikuwa na hasira naye, kwa hiyo nikasema, "Niko hai. Na nikifa, nitarudi kumchagua mwenyewe, wewe huna macho."

Wifi akaingia, akakung'uta mwavuli, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema. "Umekonda sana. Na hicho kilemba nani amekufunga, adui yako?"

Fundi viatu akatazama sakafu. Tangu nianze kuugua hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekonda. Sketi yangu naishikilia kwa pini tatu, na kila anayeingia ananiambia nimenawiri. Nilitaka kumkumbatia papo hapo. Yeye akawa ameshajichukulia mkate, kama kawaida yake, hajauliza. Akang'ata. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaenda mlangoni akautema nje kwenye mvua.

"Wifi, umemwaga mfuko mzima wa chumvi humu?"

Kule nyuma wimbo ukakatika.

Nilidhani ni utani. Nikageuka kwa fundi viatu anicheke pamoja naye, nikamkuta uso umemshuka.

"Ni mtamu tu," alisema. "Kwa mtu anayependa chumvi."

"Kwa ng'ombe," akasema wifi.

"Tangu lini?" nikamuuliza fundi.

"Mama..."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na unanunua kila siku."

"Nanunua."

"Unaipeleka wapi?"

Akavua kofia. "Mwanzoni tulikuwa tunakula. Baadaye nikawa nawapa kuku. Kuku nao siku hizi wanaigomea."

Hapo nilicheka kweli, sikuweza kujizuia. Mtaa mzima unakula mikate isiyolika, unakunywa maji, unaniombea. Nikaenda nyuma bado nacheka, nikamkuta mume wangu amesimama na koleo la mbao mkononi, mlango wa tanuri uko wazi, hata haoni kwamba joto linatoka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na unakula kila siku."

"Kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi nikisema ni mtamu," akasema. "Hicho tu ndicho nilichoweza kukupa."

Nilimpenda sana kwa jibu hilo, naliandika kabla hasira hazijanisahaulisha. Nilimpenda, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Maana kama mtu huyu anaweza kutafuna chumvi msimu mzima na kusema tamu, basi anaweza kusema lolote.

"Daktari alisema nini koridoni?"

Akaweka koleo chini.

"Uvimbe umepungua. Lakini kidogo. Walitarajia zaidi. Alisema tuendelee na dawa hii mpaka dripu ya sita, halafu picha nyingine. Ikigoma, wataangalia dawa nyingine. Nilimwambia nitakueleza mwenyewe."

"Na badala yake ukaanza kuimba."

"Sikujua nifanye nini kingine."

Wifi alikuwa ameshatufuata mpaka mlangoni. "Na mimi alinikataza kuja," akasema. "Alinipigia simu, akasema mdomo wangu utakuua. Nimevumilia mpaka nimeshindwa. Kaka, unifukuze sasa."

Kumbe. Na mimi nilikwishamfuta moyoni.

Sikumfukuza mtu. Nilipanda juu nikalala nikiutazama ukuta. Hasira yangu haikuwa ya uvimbe. Uvimbe ni uvimbe. Nilikasirika kwa sababu miezi yote hii mimi nacheka ili yeye asiogope, yeye anaimba ili mimi nisiogope, na kumbe kila mmoja amekuwa akiogopa peke yake upande wake wa kitanda.

Jumapili, 20 Aprili

Sisemi naye.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimesema naye. Nilimweleza habari ya stoo, gunia, kanga mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mzuka ulikuwa wewe?" Nikasema ndiyo.

Tumekubaliana hivi: akiniuliza hali, nitamwambia ilivyo. Nikimuuliza, ataniambia ilivyo. Kuimba si marufuku, ila aimbe siku ana furaha. Leo hakuimba. Duka lilikuwa kimya, na mimi nikapumzika vizuri kuliko siku zote.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepata ulimi wa kuazima. Wifi anakuja kila alfajiri kabla hajaenda kwenye fanicha zake, ananuna, mwavuli unachuruzika, anakaa kwenye kiti cha jikoni na kutoa ulimi. Namletea kipande cha donge kwenye kijiko. Nimemfundisha kufumba macho.

"Haya, kinakukumbusha nini?"

"Mume wangu wa kwanza."

"Maana yake?"

"Hakina ladha yoyote. Ongeza chumvi."

Nikaongeza, akaonja tena.

"Sasa?"

"Sasa mume wa pili. Acha hapo hapo, usiguse."

Mume wangu aliomba naye aonje. Tumemnyima. Tumemwambia kwanza ajenge tena jina lake.

Mikate imerudi kuwa mikate. Fundi viatu alikula mmoja mzima kaunta, amesimama. Nikamwomba radhi kwa yote niliyowalisha. Akasema, "Usijali, mama. Tumekula chumvi nyingi kabla ya wakati wetu."

Jumanne, 6 Mei

Dripu ya sita. Kabla hawajanichomeka nilimwita daktari, nikamwambia, "Kuanzia leo habari za shingo hii niambie mimi. Shingo ni yangu." Akasema sawa, akaomba radhi, akavuta kiti, akanieleza yote kwa utulivu. Mengine sikuyapenda. Lakini nilipotoka pale nilikuwa nimesimama juu ya kitu kigumu, hata kama si kizuri.

Jambo la ajabu: nimekuwa mcheshi zaidi. Nilidhani ukweli utaumaliza moyo wangu, kumbe kilichokuwa kinaumaliza ni ile kazi ya kuigiza. Leo wodini nilimwambia mzee wa kiti cha pili kwamba tukipona tufungue chama cha vipara, yeye mwenyekiti. Akasema anagombea. Sista Mkali amecheka, ushahidi ninao.

Jumamosi, 17 Mei

Nimenunua kilemba cha kijani. Nikamuuliza mume wangu kama kinanipendeza. Alinitazama, jasho likaanza kumtoka.

"Kile cha bluu kilikuwa bora," akasema.

Nimemruhusu kuonja mkate.

Jumanne, 27 Mei

Picha. Majibu baada ya wiki mbili. Mume wangu aliponiuliza hali usiku wa jana nilisema, "Naogopa." Akasema, "Na mimi." Tukalala.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua. Mkate mzuri. Binti yetu alipiga simu jana, nikamwambia hali ilivyo, bila kuandaa sauti. Alilia kidogo, kisha akaniuliza maswali mazuri ambayo hajawahi kuniuliza. Leo asubuhi hakutuma maua. Alituma, "Mama, umelalaje?"

Jumatatu, 9 Juni

Kesho majibu. Wifi ana mafua, na mwenye mafua haruhusiwi kunisogelea, kwa hiyo ananitukana kwa simu. Mume wangu alikuwa ameshatoa suruali yake nzuri.

"Kesho naenda peke yangu," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mara ile wewe ulisikia kwanza. Safari hii ni zamu yangu. Nataka yaingie kwenye sikio langu kabla ya la mtu mwingine. Nikirudi nakuambia."

Hakupenda. Akasema, "Sipendi, lakini sawa." Siku hizi anasema hivyo, sipendi, lakini sawa. Nampenda huyu mtu jamani. Nampenda kuliko nilivyompenda alipokuwa na nywele.

Jumanne, 10 Juni

Mvua ilianza kabla sijafika hospitali na ilikuwa bado inanyesha nilipotoka.

Daktari alivuta kiti kama tulivyokubaliana. Alisema dawa hii imefika mwisho wa uwezo wake. Uvimbe wa shingoni umegoma, na umeonekana mwingine mdogo kifuani. Ipo dawa nyingine, kali zaidi. Nitalazwa wiki kadhaa, nitaumwa kuliko hapo mwanzo, na nje ya hapo hakuna njia.

"Wapo wanaopona nayo?" nikamuuliza.

"Wapo."

"Wengi?"

"Si wengi kama ningependa. Siwezi kukuahidi kwamba utakuwa mmoja wao."

Nikamshukuru. Nilimaanisha. Kisha nikakaa kidogo kwenye benchi la nje.

Nilirudi kwa miguu kipande cha mwisho, barabara imejaa maji, viatu mkononi. Na njiani nikaanza kupika maneno. Nitamwambia uvimbe umetulia. Si uongo huo, kugoma ni kutulia. Nitamwambia wanabadilisha dawa ili tumalize mapema. Nitamwambia nalazwa kwa uangalizi tu. Kile cha kifuani sitakitaja, ni kidogo, daktari mwenyewe alisema kidogo. Kila neno lilikuja limeshaumuka vizuri. Nilimwona akilini mwangu akiyapokea, mabega yake yakishuka, akienda kulala bila kugeuka geuka, hata kwa hizo siku chache kabla sijalazwa. Nilitamani kumpa siku hizo. Nilitamani sana.

Hapo ndipo nilipomwelewa barabara. Mimi niliyemnunia, niliyemnyima mkate. Uongo wa namna hii hauji kwako kama uongo. Unakuja kama kitu kizuri ulichomnunulia mtu wako njiani, na unaharakisha kufika nyumbani ili umpe.

Nilisimama nje ya duka, chini ya kibaraza, mpaka nikawa sina kisingizio.

Alikuwa nyuma. Mikate ya awamu ya pili ilikuwa imeshaingia tanurini. Alinitazama usoni, akafuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imekauka.

"Mzee wangu," nikaanza, kwa sauti yangu ya simu, ile ya zamani. "Wanasema uvimbe umetu..."

"Usinipambie," akasema. "Niambie kama ulivyoambiwa."

Nikamwambia. Shingo, kifua, dawa kali, kulazwa, si wengi kama ningependa. Nilimpa maneno ya daktari moja moja bila kupunguza wala kuongeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya msimu huu.

Akakaa juu ya gunia la unga. Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake alikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Leo alilia mbele yangu, kwa sauti, mabega yakimtikisika, mikono imelala wazi mapajani. Sikumwambia ajikaze. Nilisimama nikakiweka kichwa chake tumboni kwangu, na mimi machozi yangu yakamdondokea upara. Mteja aligonga kaunta, akasubiri, akaenda zake.

Harufu ikaanza kuja.

"Mikate," nikasema.

"Iache."

Mtu huyu hajawahi kuunguza mkate katika maisha yake. Moshi ulipita juu yetu ukatokea dirishani. Nikakaa naye kwenye gunia, bega kwa bega, nguo zangu zimelowa na unga wote unanigandia.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza. "Wewe unadhani nitapona?"

Sikutaka jibu lolote mahususi, nilitaka tu la kwake. Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kama anavyofikiri akiangalia moto kabla ya kuingiza mikate.

"Sijui, Bosi," akasema. "Nataka upone. Nataka kuliko kitu chochote. Lakini sijui."

Tangu niugue, kila mtu ameniambia nitapona, na sikumwamini hata mmoja. Hili la kutojua nililiamini mara moja. Na kwa kuwa nililiamini hilo, lile lingine nalo, la kutaka, liliniingia lote, mpaka nikalisikia kifuani pale pale penye uvimbe mpya. Nikamwambia nami nataka. Nikamwambia nataka kuishi mpaka anichoke.

Nikamshika mkono tukaogopa pamoja mpaka mvua ilipopungua. Halafu tukafungua madirisha, tukatoa mikate iliyoungua, na tukaanza kukanda ya kesho.